Tawi Lililokatwa Linakwenda Wapi

Ukungu haujaondoka kwenye migomba, na Elisaria tayari ana moto. Amepiga goti kwenye ukumbi wa nyuma wa hospitali ya misheni, juu ya barabara ya Machame, anapampu jiko la mafuta ya taa mpaka linanguruma kama mzinga uliochokozwa. Sufuria imeanza kutokota. Ndani yake visu, makoleo na mikasi ya daktari vinagongana polepole.

"Vinaongea," anasema bila kugeuka. "Vikinyamaza, ujue maji yamekauka na mimi nimeshafukuzwa kazi."

Juu ya kichwa chake kuna rafu ya ubao. Imepangwa bendeji zilizokunjwa, chupa ya spiriti na, pembeni kabisa, kichupa kimoja kidogo kilichofungwa kitambaa cheupe. Kimefika jana kwa gari la posta kutoka Dar es Salaam. Mfagizi wa wodi anaponyosha mkono akisogeze apanguse vumbi, Elisaria anamzuia.

"Hicho kina mwenyewe. Acha vumbi."

Leo ni Alhamisi, siku ya kliniki ya uvimbe. Benchi la ukumbi wa mbele limeanza kujaa. Wamekuja wanawake kwa wanaume, wengi kwa miguu, wengine wamelala njiani kwa ndugu. Mmoja ana kidonda mguuni kilichokataa kupona tangu masika ya mwaka juzi. Mwingine hawezi kumeza hata mtori, supu laini ya ndizi. Mwingine hasemi ana nini. Ameshika mkono wake wa kushoto kifuani kama aliyebeba kifaranga.

Ugonjwa unaotafutwa hapa siku ya Alhamisi ni kansa. Watu wa Moshi mjini wenye asili ya pwani huuita saratani. Wazee wengi wa mlimani hawauiti kwa jina lolote. Husema tu "kitu", kisha huonyesha kwa kidole.

Hospitali yenyewe ni ndogo, na wenyeji huiita Kishenge, kwa jina la kijito kinachopita nyuma yake. Daktari ni mmoja tu, mama wa Kiswidi mwenye miwani, aliyejifunza Kiswahili kitabuni na ambaye husalimia watoto shikamoo. Wagonjwa wake wengi wanajua Kichagga peke yake, na Kichagga cha Machame si kile cha Marangu, wala cha Marangu si cha Rombo. Katikati yao anasimama Elisaria.

Yeye ni dresa, msaidizi wa daktari. Ana umri wa miaka arobaini na miwili, mwembamba, kola yake imepigwa pasi mpaka inang'aa. Kufunga vidonda alijifunzia jeshini, Burma. Na huko huko, katika hema moja na Wachagga wa pande zote za mlima, alijifunza kusema kama Mmarangu na kutania kama Mrombo. Aliporudi mwaka 1946 angeweza kwenda kuendesha lori la kahawa, kazi yenye mshahara mara mbili ya shilingi themanini anazopata hapa kwa mwezi.

"Mke wangu hunikumbusha hilo lori kila mwisho wa mwezi," anasema. "Namjibu, kwenye lori hakuna mtu wa kumuuliza amelalaje."

Kazi yake ya Alhamisi ni kuwaeleza watu njia. Daktari akishapima na kusema neno lake, mgonjwa hutoka nje, huketi mbele ya Elisaria, na kuuliza swali lile lile ambalo kila mtu huuliza: sasa nifanye nini?

Njia ni tatu, na hakuna iliyo ya kila mtu.

Ya kwanza ni kisu. Uvimbe ukiwa bado mdogo, ukisukumwa kwa kidole ukasogea, daktari anaweza kuutoa pamoja na nyama inayouzunguka. Hufanyika hapa hapa, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi inayodondoshwa kwenye kitambaa puani.

Ya pili watu wameipa jina la taa ya Nairobi. Ni mashine ya mionzi iliyo katika hospitali kubwa ya huko, na inafaa kansa za mahali ambapo kisu hakifiki vizuri. Mgonjwa hupanda treni Moshi, hupita Voi, na hukaa Nairobi wiki nyingi.

Ya tatu ni kwa wale waliochelewa. Hapo hakuna kuondoa, kuna kutuliza. Ni dawa ya maumivu, kidonda kusafishwa kila siku, na mtu kufia kwake bila kupiga kelele. Elisaria huipanda milima mwenyewe kwenda kuwaona hao, na haiiti njia ya kushindwa.

"Mtu akilala usingizi usiku mmoja ambao asingelala, hilo nalo ni tiba," anasema.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa miaka minne ya kwanza ya kliniki hii, Elisaria aliamini kwamba msemo huo unatosha kueleza kila kitu. Mwaka mmoja wanawake ishirini na mmoja waliambiwa kwamba uvimbe wao unafaa kukatwa. Wote walitikisa kichwa kukubali, wakashukuru, wakaenda nyumbani kujiandaa. Waliorudi walikuwa wanne.

"Nilisema, watu wetu wanaogopa kisu," anakumbuka. "Basi nikazidi kueleza habari za dawa ya usingizi. Nikaeleza mpaka mimi mwenyewe nikawa napiga miayo."

Alikuwa na mfano wake, na aliupenda sana. Kila Alhamisi alikata tawi la mbuni kwenye bustani ya misheni, akaliweka magotini. Kwa mtu wa mlimani kahawa haihitaji mkalimani. Aliwaonyesha jani lenye madoa, akawauliza tawi likishikwa na ugonjwa hufanyweje, na benchi zima lilijibu kwa pamoja, maana bwana shamba alishapita kila kihamba, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, akihubiri hayo.

"Linakatwa," walisema.

"Halafu?"

"Linachomwa."

"Na mti?"

"Unapona."

Naye alifurahi, akadhani wameelewa. Walikuwa wameelewa kweli, kuliko alivyotaka.

Mwaka jana, kahawa ilipoanza kuiva, alikuja Yuditha. Ni mama wa watoto sita, mke wa Ebenezeri, kutoka kihamba kilicho upande wa pili wa kijito, mwendo wa saa moja kwa miguu. Alikuwa na uvimbe katika ziwa la kushoto, ukubwa wa tunda la kahawa. Haukumuuma. Aliugundua akijifunga kanga ya kubebea mtoto.

Daktari aliusukuma kwa kidole, ukasogea. Akatoka kwenye chumba chake mwenyewe, jambo asilolifanya mara nyingi, akamwambia Elisaria kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Huyu ni wa kupona. Lakini si wa kungoja. Ukishika mbavu, mimi sina mikono tena."

Elisaria alimweleza Yuditha yote. Yuditha alisikiliza, akauliza swali moja.

"Ile taa ya Nairobi, inakata?"

"Haikati, Mama Filemon. Lakini hii yako, Daktari anasema taa peke yake haiwezi. Kwanza kisu."

"Mimi nataka taa."

"Taa si duka, useme nataka hiki, sitaki kile."

Yuditha alijifunga kanga, akashukuru, akaondoka. Wiki ya pili alirudi akiuliza taa. Wiki ya tatu vile vile. Uvimbe sasa ulikuwa kama yai la njiwa. Kila alipokuja alifuatana na mama mkwe wake, Bibi Eunike, kikongwe mwenye fimbo ya mzeituni aliyeketi mwisho wa benchi bila kusema neno, akitazama mbele tu, kule bondeni.

Elisaria akawa halali vizuri. Alimjua Ebenezeri tangu utoto; walichunga mbuzi pamoja. Akamfuata kilabuni, akamkuta na kibuyu chake cha mbege.

"Mkeo anaogopa kisu," alimwambia. "Mwambie."

"Yuditha?" Ebenezeri alicheka kwa huzuni. "Yuditha alizaa wa tano kwenye shamba la kahawa, akamfunga kwenye kanga, akamalizia mstari. Kisu gani anachoogopa huyo?"

"Basi anaogopa nini?"

"Muulize mama yangu. Mimi hawaniambii. Nikiingia jikoni wananyamaza."

Elisaria hakumuuliza Bibi Eunike. Alipata wazo jingine, akaliona zuri zaidi. Angemleta Zuleha.

Zuleha ni mama wa Moshi mjini, muuza maandazi pale stesheni, na pengine ndiye mgonjwa mchangamfu kuliko wote waliopita Kishenge. Yeye ndiye aliyekwenda Nairobi kupigwa ile taa, kwa kansa ya tumbo la uzazi. Hupanda huku mara moja kila robo mwaka kupimwa, na haji mikono mitupu. Siku hiyo alileta kikapu kizima, akagawa maandazi benchi zima, akajisogeza karibu na Yuditha.

"Mwenzangu, nasikia unaitaka taa."

"Naitaka."

"Haina raha yoyote. Unalazwa kwenye meza kama samaki, wanatoka wote, wanafunga mlango. Sikuona kitu, sikusikia kitu. Nilidhani wamesahau kuwasha. Nikaita, jamani, hamjawasha. Yule bwana akaniambia, mama, tumeshamaliza." Benchi likacheka. "Baadaye ndiyo nikatapika wiki mbili. Ngozi ikawaka kama nimekalia jiko. Hata hivyo leo niko hapa nakula andazi langu. Lakini kama ningeambiwa yangu inatoka kwa kisu siku moja, ningekuja na kisu mwenyewe kutoka nyumbani."

Yuditha alicheka, kisha akatazama chini. Elisaria akaona mlango umefunguka. Akachukua tawi lake la mbuni.

"Mama Filemon, tazama. Tawi bovu linakatwa, linachomwa, mti unapona."

Ndipo Bibi Eunike alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Linachomwa wapi, mwanangu?"

"Pembeni mwa shamba, Bibi. Kama bwana shamba alivyotufundisha."

"Na la mkwe wangu?"

Bibi akainua fimbo, akaielekeza bondeni, kwenye tanuru la matofali lililo mwisho wa bustani ya hospitali, ambako uchafu wa chumba cha upasuaji huteketezwa. Kutoka kwenye benchi lile tanuru linaonekana vizuri kabisa. Hakuna kitu kingine cha kutazama.

"Pale?"

"Bibi..."

"Siku ya kwanza tulipokuja ulipita hapa mbele yetu na ndoo yenye mfuniko. Ukatusalimia vizuri, ukateremka. Halafu nikaona moshi. Nikamwambia Yuditha, inuka, twende nyumbani."

Hapakuwa na mtu aliyetafuna tena. Bibi Eunike aliendelea kwa sauti ile ile, kama anayeeleza bei ya ndizi.

"Huyu tulimwoa mzima. Siku yake ikifika atalala kwenye kihamba chetu, chini ya migomba, jirani na babu yake Ebenezeri. Waliotangulia watamwuliza, lile ziwa ulilowanyonyeshea watoto wetu umeliacha wapi? Aseme limepanda na moshi? Nisingekuwa mama mkwe kama ningemwachia aende na aibu hiyo."

"Kisu sikiogopi," akasema Yuditha, naye akimtazama Elisaria usoni kwa mara ya kwanza. "Lakini hili limelea watu sita. Siwezi kulitupia kwenye ndoo kama maganda."

Zuleha alifuta unga wa sukari vidoleni. "Mbona hata sisi Waislamu mtu akikatwa mkono tunauzika," alisema taratibu. "Nilidhani na nyinyi mnazika. Sikujua kama mnachoma."

Elisaria anasema alitazama tawi lililokuwa mkononi, na kwa mara ya kwanza akaona lilivyo. Miaka minne alikuwa akiwaahidi watu, kwa mdomo wake na kwa mfano wake, kwamba nyama zao zitachomwa pembeni mwa shamba. Kisha akipita mbele yao na ndoo kuthibitisha.

"Njia ya nyuma huwa na matope," anaeleza. "Ndiyo maana nilipita mbele. Sikuwa na sababu nyingine. Nami ni Mchagga. Kwetu hata kitovu cha mtoto hakitupwi ovyo. Lakini nikishavaa hii kanzu nyeupe, nilikuwa naacha mambo hayo kwenye msumari pamoja na koti langu."

Aliingia kwa daktari bila kubisha hodi. Alimkuta ananawa mikono.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, maji yakimchuruzika viwikoni. Hakukasirika. Aliketi, akaanza kuuliza. Je, ni ziwa tu, au na kidole? Na jino? Wa Rombo nao hivyo? Na Wapare? Elisaria alijibu alichojua, na pale asipojua alisema hajui. Mwishowe daktari aliuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mama Daktari. Na mimi sikujiuliza."

Daktari alikubali ziwa liende nyumbani, lakini kwa masharti. Lifungwe vizuri. Shimo liwe la kina cha kiuno cha mtu mzima, litiwe chokaa, na liwe mbali na mfongo, mfereji wa mlimani, maana maji ya mfongo ule hunywewa na vihamba vyote vya chini. Sharti la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Kipande kidogo, ukubwa wa punje ya kahawa, lazima kibaki. Kitatiwa kwenye kichupa na kupelekwa Dar es Salaam kutazamwa kwa darubini, ili ijulikane ni kansa kweli na ni ya namna gani.

Elisaria angeweza kulinyamazia hilo. Punje ya kahawa ni nini? Nani angeijua? Anakiri kwamba kutoka kwenye chumba cha daktari mpaka kwenye benchi wazo hilo lilitembea naye.

Lakini alipofika alichuchumaa mbele ya Bibi Eunike, akamweleza yote, hata habari ya punje.

Bibi alifikiri. "Hicho cha Dar es Salaam kinarudi?"

"Sijui, Bibi."

"Hujui?"

"Sijui. Nitaomba kirudi. Lakini sijui."

Kikongwe alitikisa kichwa polepole. "Leo ndipo umeanza kusema nasi," alisema. Akamgeukia mkwe wake. "Unasemaje, mama?"

Yuditha alisema, "Na wakate."

"Basi tutaacha nafasi," akasema Bibi Eunike.

Alikatwa Jumanne iliyofuata. Uvimbe ulikuwa bado unasogea, ingawa kwa shida, na daktari alipotoka alivua miwani akaifuta muda mrefu. Ebenezeri alikuwa akingoja mlango wa pembeni na kikapu kipya, ndani kimetandikwa majani mabichi ya mgomba. Elisaria alimkabidhi.

Njia ya nyuma ilikuwa na matope kama kawaida. Ebenezeri akapita mbele.

Benchi lilikuwa limejaa, na hakuna aliyekuwa ameambiwa habari. Lakini waliona kikapu, wakaona majani, na juu yake jani la isale, mmea ambao Mchagga huupanda mpakani na makaburini. Mzee mmoja alivua kofia. Kisha wakasimama mmoja baada ya mwingine, hata yule mwenye kidonda cha mguu, mpaka Ebenezeri alipopotelea kwenye migomba.

"Kwenye benchi lile hajawahi mtu kusimama kwa ajili yangu," anasema Elisaria, "na mimi ndiye mwenye sindano."

Alhamisi ya pili wanawake watatu walirudi ambao hakutegemea kuwaona tena. Mmoja wao alikuwa ameshachelewa. Wawili walikatwa. Tangu hapo mpaka sasa waliokubali kisu ni kumi na watatu, na vikapu kumi na viwili vimepita mbele ya benchi. Kilichokosekana ni cha Mzee Sirili wa Mkuu, Rombo, aliyekatwa kidole cha mguu akasema wakichome tu, kilimsumbua vya kutosha.

Si wote wanaoona jambo hili ni jema, wala si rahisi kwa wote. Mwanamke mmoja, naye wa Rombo, alikaribia kukataa kukatwa, maana kwao ni mbali, na lori la abiria halitakubali mzigo wa namna hiyo katika jua. Ndipo Elisaria alipoomba baraza la wazee wa usharika limpe kona ya shamba la misheni, mahali pa kuwazikia wa mbali viungo vyao, pazungushiwe masale. Baraza limekaa mara mbili bila kuafikiana. Wengine wanaona ni kurudia mambo ya kale. Mzee mmoja aliuliza kama mchungaji atatakiwa kuimbia vidole tenzi.

"Nilimjibu, chako kikikatwa tutaimba," anasema Elisaria. "Akacheka. Lakini bado hajapiga kura."

Yuditha bado anakuja. Daktari hasemi amepona. Anasema arudi kila baada ya miezi mitatu, na ahesabu miaka, si miezi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekakamaa baada ya kukatwa. Elisaria alimfundisha kuupandisha ukutani kwa vidole, kama mjusi, kila siku juu kidogo kuliko jana. Yuditha aliuchoka ukuta wiki ya kwanza. Akahamia kwenye mibuni. Alianza na matawi ya chini, na msimu huu, anasema Ebenezeri, anachuma ya juu kabisa na kuwagombeza wanaomwinamishia tawi.

Bibi Eunike naye amekuwa akija, ingawa haumwi. Huketi mwisho wa benchi, pale pale. Elisaria akipita, yeye humwuliza neno moja tu: "Kile?"

Na kila Alhamisi Elisaria amejibu, "Bado, Bibi."

Jibu la darubini lilikwisha kuja zamani. Lilisema ni kansa, na ilikuwa vyema ikatolewa. Punje yenyewe haikuja. Daktari aliomba, wakasahau. Akaomba tena, wakamjibu kwamba hakuna aliyewahi kuomba jambo kama hilo. Akaomba mara ya tatu.

Maji yamechemka vya kutosha. Elisaria anazima jiko, na kimya kinaingia ukumbini. Anaviopoa visu kimoja kimoja kwa koleo, anavipanga juu ya kitambaa. Halafu ananawa, anaiacha mikono ikauke kwa upepo, anachukua tawi la mbuni alilolikata asubuhi, anakwenda mbele.

Mfano wake bado anautumia, lakini umebadilika. Anamketisha yule mwanamke aliyeshika mkono kifuani, anamwonyesha jani lenye madoa, anamwuliza tawi hilo lifanyweje. "Likatwe," mwanamke ananong'ona. Hapo Elisaria anaishia. Anaweka tawi magotini mwa mgonjwa, anauliza, "Na lako, ungependa liende wapi?" Mwanamke anamtazama kwa mshangao. Kisha anaanza kueleza kwao ni wapi.

Mwisho wa benchi fimbo ya mzeituni inagonga sakafu. Leo Bibi Eunike amekuja peke yake. Yuditha yuko kwenye kahawa.

"Kile?"

"Kimefika, Bibi. Jana."

Kikongwe anaegemeza fimbo kwenye benchi. Anavuta kanga, anajifuta upande mmoja wa uso. "Nafasi yake nimeipalilia jana ile ile," anasema. "Isale limeshika. Nipe nikibebe."

"Hapana, Bibi. Nitakileta mwenyewe Jumapili, tukitoka kanisani."

Bibi anacheka bila meno. "Ndani ya ile ndoo yako?"

"Mkononi," anasema Elisaria. Anatazama benchi lote, kisha njia inayopita mbele yake. "Na nitapita hapa hapa. Wanione."